Baiskeli ya fundi mashoto yarudi Sakai

Jumamosi asubuhi mjini Sakai, Japani, Isomura Kikue amepiga magoti mlangoni pa duka lake, mbele ya baiskeli nyeusi inayong'aa kama sufuria jipya. Uso umemshuka.

Kobata Yasuji, mkulima wa mpunga aliyesikia kwamba Kikue anasaka baiskeli za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, amemletea hii kwa kirikuu, kigari chake cha mizigo, bure. Rangi bado inanata.

"Nimeisugua, nikaipaka mara mbili," anasema Yasuji kwa fahari. "Mtu mzima hampi mwenzake kitu chenye kutu."

"Na nembo ya mbele?"

"Ilikuwa imeoza, mama. Nikaing'oa, nikaitupa."

Ndiyo adabu ya huku: zawadi haitoki chafu. Kwa wasakaji wa baiskeli kuukuu, adabu hiyo imefuta ushahidi mwingi kuliko kutu.

Kikue (62) ni fundi baiskeli. Pancha moja humpa yeni 1,200, na chochote kinachobaki baada ya kodi ya duka huishia kwenye vyuma. Anazo baiskeli kumi na moja za enzi hizo, lakini hana hata moja ya babu yake mzaa mama, Isomura Tatsuzo, aliyeziunda mtaa huuhuu. Vita vilipopamba moto chuma kilikusanywa na serikali kikayeyushwe kuwa silaha, na zake zikaenda.

"Majirani hunitania eti nimeolewa na vyuma," anasema. "Nawajibu, chuma hakikoromi."

Anayezikumbuka ni mama yake tu, Fumi (88), aliyekuwa akipakiwa kwenye keria utotoni. Macho ya bibi huyo yanafifia, na Kikue anaogopa kuchelewa.

Basi hakati tamaa. Anaipindua baiskeli magurudumu juu. Chini ya pedali, ambako brashi haikufika, chuma kiko wazi. Anatoa mfukoni kiungo cha fremu, kipande pekee kilichosalia cha kazi ya babu, na kukiweka kando yake. Tatsuzo alikuwa mashoto; mikwaruzo ya tupa yake ililalia upande ambao ya mafundi wengine hailalii.

Anapapasa kwa ukucha, hapa na pale. Mikwaruzo inalalia upande uleule.

"Mzee Kobata," anasema, "hii mliificha wapi?"

"Baba aliifukia kwenye pumba za mpunga. Alisema jembe wachukue, hii hapana."

Yasuji anainama kuomba radhi kwa ile nembo. Kikue anamzuia.

"Hata ungeipaka mara kumi, babu yangu ningemjua."

Fumi anatolewa nje akishikwa mkono. Anapapasa usukani, kisha keria. Siku ilipochukuliwa baiskeli ya nyumbani, baba yake alimwambia imekwenda kumnunulia peremende.

"Imechelewa," anasema hatimaye. "Peremende ziko wapi?"

Kikue anacheka huku machozi yakimtoka, wala hajali nani anamwona.

Jumapili ijayo, rangi ikishakauka, atampakia mama yake kwenye keria na kuisukuma taratibu hadi kaburini kwa Tatsuzo.

"Ila tutapitia duka la peremende kwanza," anasema. "Mama amezisubiri vya kutosha."