Sababu za Kaka Bwire Kushindwa Bunda

Jumamosi iliyopita tulimzika kaka yangu Bwire hapa Kamunyonge, Musoma, na tangu siku hiyo kila nikikaa peke yangu nakumbuka pambano moja la ngumi. Labda utashangaa, mwanangu, kwamba mtu amefiwa na kaka yake halafu anawaza ngumi. Lakini kaka yangu alikuwa bondia kabla hajawa baba wa mtu, na siku aliyopigwa Bunda ndiyo iliyogawa maisha yake. Alikuwepo Bwire wa kabla ya Bunda na Bwire wa baada yake. Mimi niliwajua wote wawili.

Nilikuwa kwenye kona yake. Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ilikuwa kushika ndoo ya maji na taulo. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Masatu, askari mstaafu aliyefundisha ngumi nyumbani kwake Nyasho, nyuma ya banda la mbuzi. Yeye alifariki zamani. Kwa hiyo katika watu wa kona ile nimebaki mimi, na ndiyo maana naandika, ingawa shule yangu ni ndogo.

Bwire alikuwa hajawahi kupoteza pambano. Akipita sokoni watu waliacha kupima samaki ili wamsalimie. Akimshinda Wambura, kijana wa Nyasura pale Bunda, angekwenda Dar es Salaam kupigania mkanda wa taifa. Wambura alikuwa mashoto, na konde lake zito lilitoka upande ambao mabondia wengi hawajazoea kuulinda. Mwanzoni Bwire aliongoza. Raundi ya tatu akaanza kupigwa na ule mkono wa kushoto. Ya nne akapigwa nao tena. Ya tano ulimkuta kwenye taya, akaenda chini, na refa akamaliza kuhesabu yeye akiwa amepiga goti, hajasimama.

Tulirudi Musoma jioni hiyo hiyo nyuma ya pikapu ya mizigo. Tulipokuwa tunatoka Bunda jua lilikuwa linazama na mwezi unachomoza upande wa Serengeti, mzima, mkubwa kama sinia. Tulipofika nusu ya njia Bwire akasema, "Yule refa ni wa kwao." Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Kabla hatujafika nyumbani zilikuwa nne.

Jumatatu tulikwenda Nyasho. Tulimkuta mwalimu anapukuchua mahindi. Hakusimama, alitusogezea magunia tukakalia.

"Mwalimu, tumeibiwa," nilisema mimi, kabla kaka hajafungua mdomo.

"Tumeibiwa nini?"

"Pambano."

"Basi tutafute mwizi. Anza, Bwire."

"Refa alihesabu haraka," kaka alisema.

"Ni kweli. Hata mimi niliona. Hiyo weka pembeni, tutairudia."

"Glavu zilikuwa mbovu. Pamba imehamia upande mmoja."

"Glavu zilitoka kwenye boksi moja. Nani walichagua kwanza?"

"Sisi."

"Nilizichagua kwa mkono wangu huu. Endelea."

"Walimwaga dawa kwenye kona yetu. Nilikanyaga majimaji."

Mzee alinigeukia. "Nani aliyamwaga?"

"Mimi, mwalimu. Niligonga ndoo kwa mguu."

"Na yeye alianguka kwenye kona hiyo?"

"Hapana. Alianguka upande wa pili."

"Dawa yako inatembea," alisema mzee, akachukua hindi lingine. Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Kaka akatoa sababu ya nne, na hii aliisema kwa uchungu. Alisema alipanda ulingoni amechoka, kwa sababu ni mvuvi wa dagaa na mtu maskini hawezi kuacha kazi ili ajiandae kama wengine. Mwanangu, hata leo ukilisikia neno hilo utamwonea huruma. Lakini kama hukuzaliwa kando ya ziwa letu, inabidi nikueleze jambo. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Unawasha taa juu ya maji, wanaifuata, unawazungushia nyavu. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa ufukweni, watu wanashona nyavu na kulala majumbani kwao. Mzee Masatu alikuwa amegombana na waandaaji wa Bunda kuhusu tarehe, mpaka wakakubali kupeleka pambano kwenye wiki ya mbalamwezi, ili Bwire awe amepumzika.

"Jumamosi tulirudi na mwanga wa nini?" mzee alimuuliza.

Kaka alianza kuvuta uzi wa gunia alilokalia.

"Nimekuuliza, Bwire."

"Wa mwezi."

"Kuna mtu Musoma hii aliyevua dagaa wiki hiyo?"

"Hakuna."

"Sasa turudi kwa refa. Alihesabu haraka. Angehesabu taratibu, ungesimama. Ukishasimama, Wambura bado ana mkono wake wa kushoto. Ungeufanya nini, ambacho hukuufanya tangu raundi ya tatu?"

Kaka alichukua hindi, akaanza kulipukuchua.

"Refa amekuibia sekunde mbili," mzee alisema. "Hizo ni haki yako, zidai popote utakapokwenda. Pambano hakukuibia. Na mbona hutaji Butiama?"

Hapo ndipo nilipoona kaka ameshtuka. Butiama alikuwepo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mashoto, aliyewahi kucheza ngumi akaacha. Mzee Masatu alitupeleka kwake miezi michache kabla ya pambano, ili Bwire amzoee mtu wa aina ya Wambura. Waliocheza walikuwa wawili, na tuliotazama ni mimi, mwalimu na mke wa fundi aliyekuwa anaanika nguo. Yule fundi, na tumbo lake limeshaanza kutoka, alimpiga kaka yangu kwa mkono wa kushoto mara kwa mara bila kutumia nguvu. Kila akimpiga alimwambia kwa upole, "Ukirusha kulia unausahau mkono huko huko. Urudishe, mdogo wangu." Bwire alivua glavu, akasema kichwa kinamuuma. Wiki iliyofuata akasema baiskeli imeharibika. Baadaye akasema hana cha kujifunza kwa mtu mwenye tumbo. Mwalimu alimbembeleza mpaka akachoka.

"Ulikataa kupigwa Butiama mbele ya watu watatu," mzee alimwambia siku ile ya mahindi, "ukaenda kupigwa Bunda mbele ya ukumbi mzima. Konde ni lile lile." Halafu sauti yake ikashuka. "Kesho asubuhi twende kwa fundi. Tukifanya kazi, mwakani tunamrudia Wambura, na wewe unamshinda. Mimi nakwambia unamshinda."

Bwire alisimama, akajipangusa vumbi la mahindi. "Mpaka wabadilishe refa," alisema. Akatoka. Hakurudi tena kwenye uwanja ule, na hakupanda tena ulingoni.

Usifikiri aliishi vibaya. Alivua, akajenga, akasomesha watoto, alikuwa mtu wa kwanza kufika penye msiba wa jirani. Kanisani alikaa benchi la mbele. Mimi nilimpenda, na nyumba yangu imekuwa kimya tangu aondoke, kwa sababu alikuwaga anapita kila jioni kuniuliza nimekula nini. Lakini zile sababu aliendelea kuzilea. Refa aliyehesabu haraka akawa refa aliyehongwa. Majimaji yakawa dawa kutoka mbali. Mkubwa wako akisimulia mbele ya watoto wake huwezi kumkatiza, nami sikumkatiza. Mwanawe wa mwisho, Majura, alikua akiamini kwamba baba yake angekuwa bingwa wa taifa kama Wambura asingemdhulumu. Majura naye anacheza ngumi sasa.

Siku ya mazishi Wambura alikuja. Amezeeka, anatembelea fimbo, alishuka kwenye basi la Bunda na kuuliza njia mpaka akafika. Majura alimzuia pale pale mlangoni, na vijana wenzake wakasimama nyuma yake.

"Mzee, wewe rudi," Majura alisema. "Hapa huna msiba."

"Nimekuja kumzika mwenzangu," Wambura alisema.

"Mwenzako umemfanya nini? Sema mbele za watu."

Mmoja wa vijana akasema, "Amekuja kuhakikisha kama amekufa kweli." Wengine wakacheka kile kicheko kibaya. Waombolezaji walianza kugeuka. Nilijua kwamba wakimrudisha mzee yule njiani, Majura atabeba jambo hilo maisha yake yote kama ushujaa. Nikaenda.

"Majura, mpishe mgeni."

"Baba mdogo, huyu ndiye aliyemmaliza baba."

"Baba yako amemalizwa na presha. Ulimpeleka hospitali mwenyewe."

"Alimhonga refa. Baba alisemaga kila siku."

Nikamweleza pale pale, kwa ufupi kuliko nilivyokueleza wewe: glavu, maji, mwezi, Butiama. Sikumficha sekunde mbili za refa. Sikupandisha sauti. Majura alinisikiliza machozi yakimlengalenga, halafu akaniuliza swali ambalo nililitegemea.

"Baba mdogo, mbona unamwaibisha baba siku ya kumzika?"

"Simwaibishi," nilimwambia. "Baba yako alipigwa na bondia mzuri. Wewe ndiye unayetaka azikwe kama mtu aliyepigwa na refa."

Majura akamgeukia Wambura. "Ulihonga?"

"Kijana wangu, siku ile nilikwenda ukumbini kwa miguu, na viatu nimeazima kwa shemeji. Ningehonga na nini?" Mzee alijiegemeza kwenye fimbo. "Baba yako alinipiga ubavu huu, mpaka leo baridi ikija nausikia. Nilitaka kukata tamaa. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unachelewa kurudi, basi nikawa nausubiri."

Majura aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia. "Kocha wangu ananiambiaga hivyo hivyo," alisema, kwa sauti ambayo sidhani kama wenzake waliisikia. Akasogea pembeni, Wambura akapita. Kaburini alitupia udongo kwa mkono wa kushoto, akavua kofia, akarudi kukaa na wazee wenzake.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukishindwa, toa sababu zako zote, usizimeze, lakini mpelekee mtu aliyekuwepo na asiyekuogopa, azipime moja moja. Ile iliyo kweli ishike, kwa sababu dunia inadhulumu kweli, na mimi sitakwambia kwamba haidhulumu. Zilizobaki ziache hapo hapo kwake. Usizipeleke nyumbani, kwani watoto wako watazikuta na watazila kama chakula. Na kama yupo fundi wa Butiama anayekupiga mahali pasipo na watu, usiseme kichwa kinauma. Rudi kwake wiki ijayo. Kaka yangu alikuwa na nguvu kuliko Wambura, nalisema hilo bila kumpendelea, na kilichomzuia kwenda Dar es Salaam ni ile safari ya pili ya Butiama ambayo hakuifanya. Mungu akujalie watu watakaokwambia ukweli ukiwa bado kijana, akujalie na moyo wa kukaa kwenye gunia ukawasikiliza. Akupe maisha marefu, na siku ukiondoka, uliyeshindana naye awe miongoni mwa watakaokuja kukuzika.

Majura alipita kwangu jana asubuhi na begi lake la mazoezi. Tulikunywa chai, hakuongea sana. Aliniambia anapanda basi la Bunda, anakwenda Nyasura kwa Mzee Wambura, na atarudi jioni.