Rula ya Kusawazishia Meka

Nilikuwa karani wa kampuni mpaka mshahara ukafika mahali ambapo kuufuata ofisini kulichosha kuliko kukaa nyumbani. Sikufukuzwa. Niliacha kwenda, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Nilichoondoka nacho ni rula ndefu ya mbao, malipo pekee niliyoyapata kwa hakika mwaka ule. Pale kwetu Shituru, mtaa wa mjini, bei ya mahindi ilipanda kila mke wangu alipokwenda sokoni, naye aliitangaza tangu mlangoni, kabla hajatua kikapu, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga.

Ndipo mradi mmoja wa kanisa ukatafuta mtu anayejua kuandika na kupanda baiskeli. Kilimo sikukijua. Walisema nitajifunza huko huko. Wakanipa vijiji vitatu nyuma ya Mulungwishi na cheo cha moniteur, yaani mtu wa kuwaonyesha wakulima namna ya kupata zaidi kutokana na shamba lile lile. Wao walikuwa wamelima tangu utoto, mimi nilikuwa na daftari. Walinivumilia kwa adabu, isipokuwa mjane mmoja mwenye watoto wanne, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Moniteur, weye unalimaka wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba silimi. Akacheka sana, na kuanzia siku hiyo tulielewana.

Shida yake haikuwa uvivu wala udongo. Kila mwaka, mara tu alipomaliza kuvuna, wachuuzi walifika kutoka mjini na baiskeli na magunia matupu, naye aliwauzia karibu mahindi yote kwa sababu alihitaji chumvi, sabuni na ada ya shule. Kufika Januari ghala lilikuwa tupu na bei iko juu. Basi alikwenda kulima mashamba ya wengine ili apewe chakula, na wakati huo huo shamba lake likamezwa na majani. Mavuno yaliyofuata yalikuwa madogo kuliko yaliyopita. Alichohitaji ni Januari moja tu ya kubaki katika shamba lake mwenyewe.

Siku moja nilikaa pembeni nikatazama anavyouza. Mchuuzi alikuwa na meka yake, lile bakuli ambalo kwetu hupimiwa mahindi na unga. Aliiweka chini, akaizungushia mkono wa kushoto kama anayemkumbatia mtoto, na kwa mkono wa kulia akajaza mpaka mahindi yakapanda kichuguu juu ya ukingo. Hiyo ikaitwa meka moja. Kisha akaomba matabishi, ile nyongeza ambayo mnunuzi huomba hata akiwa ameshapewa kupita kiasi, na mjane akamtilia viganja viwili, maana kwetu kumnyima mtu matabishi ni uchoyo mtupu. Nilikasirika. Baadaye, nikiwa juu ya baiskeli, nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nimeomba matabishi maisha yangu yote.

Safari iliyofuata nilikwenda na rula. Niliwakusanya akina mama nikawaambia: meka iwe ya kwenu, siyo ya mchuuzi, jazeni mpaka ukingoni, pitisheni rula, kinachodondoka ni chenu, matabishi hakuna. Nusu ya mavuno ichanganywe na majivu ili fukusi wasiingie, ifungwe, isiguswe mpaka Januari, halafu mkauze wenyewe mjini.

"Na kama ni ndugu?" mjane akauliza.

"Hata ndugu."

"Na kama ni weye?"

Wenzake wakacheka. "Hata miye," nikasema, nikampa rula aitunze.

Nyumbani nilijisifu kwa hayo. Mke wangu alinisikiliza huku akichagua mawe kwenye maharage. "Kule unabafundisha kukatala," akasema, "na siye huku tutakula nini?" Nilimwambia kwamba mambo hayo ni magumu kidogo. Alijua maana ya maneno hayo, akatupa jiwe jingine.

Oktoba wachuuzi walirudi kijijini na vitenge vya kubadilishana na mahindi. Nilimkuta mjane amekaa mlangoni pa ghala lake kama askari. Alikuwa ameuza kuku wake wawili wa mwisho, na mahindi hakuyagusa. Nilimpongeza, akanitazama bila kucheka. Kuku wale aliwapenda.

Januari bei ilifika mahali ambapo watu waliuliza, wakaenda kuuliza kwingine. Jumamosi moja nilimsindikiza mke wangu sokoni kumbebea kikapu. Yeye huchagua mahindi, haangalii muuzaji. Alisimama mbele ya gunia moja zuri, akaomba meka mbili. "Mama, unitiliye na matabishi," akasema, "batoto beko bengi."

"Hapana, mama. Matabishi hakuna."

Sauti niliifahamu kabla sijauona uso. Mjane alikuwa tayari ameshika rula yangu, yenye madoa ya wino wa ofisini, na alipoinua macho akaniona nyuma ya kikapu.

"Kumbe ni bibi ya moniteur!" Akaweka rula chini haraka, akaizungushia meka mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kujaza. Kichuguu kikapanda. Mke wangu akanyoosha kitambaa chake tayari kupokea. Wanawake wawili waliouza pembeni, ambao pia niliwafundisha, waliacha kazi wakatutazama.

"Shamba yako je?" nikamuuliza.

"Nilishalima yote, palizi ya kwanza imeisha. Jumatatu tunaanza ya pili." Alisema hivyo bila kusita kujaza. "Mwaka huu sikuenda kulima kwa bantu."

Nilifurahi sana. Nikaokota rula nikamrudishia. "Hata miye," nikasema.

Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, kisha akaipitisha rula polepole. Mahindi yakadondoka ndani ya gunia lake. Meka ya pili akaipima vile vile.

Tulipanda mpaka Shituru. Mke wangu alipeleka mahindi kwenye mashine, akarudi, akapika. Bukari, ugali wetu, hupakuliwa kwa kichuguu, na cha baba huwa kikubwa. Alinipakulia hivyo hivyo, kichuguu kizuri. Kisha akapitisha mwiko juu ya ukingo wa sahani, ule wa juu akawagawia watoto, akaniwekea uliobaki.

"Hata weye," akasema.

Niliona haya mbele ya watoto, na bado nilifurahi kwamba Jumatatu yule mama angekuwa shambani kwake. Nilikula. Sikuomba nyongeza.