Kavira Hakuitika

Nilipokuwa mtoto kule Mulekera, Beni, nyumbani kwetu hakuna aliyeitika akiitwa mara moja. Mukaka, yaani bibi yetu mzaa mama, alikataza kabisa.

"Mukisikia jina yenu, munyamaze kwanza," alisema. "Mutu ataita tena. Ile kitu ya kilima inaita mara moja tu, na ukiitika, inakamata sauti yako."

Tuliamini. Ukipaza sauti bondeni, kilima kilikurudishia jina lako, ungebisha nini?

Mdogo wangu Kavira ndiye aliyeshika agizo hilo kuliko wote. Aitwe mara moja, kimya. Mara mbili, kimya. Mukaka alifurahi mpaka akampa ndizi mbivu. "Muone huyu mutoto! Iko na akili." Mimi nilichapwa kwa kuitika haraka. Inaniuma mpaka leo, na si fimbo ninayosema.

Siku moja mama aliangusha sufuria kubwa nyuma ya mgongo wa Kavira. Kuku walitawanyika, mimi niliruka. Kavira aliendelea kuchambua maharage.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimmulika masikioni kwa tochi.

"Mama, sauti ni hewa inatetemeka," alisema. "Inaingia mu sikio, inapiga ngozi nyembamba, nayo inatetemeka. Ya huyu mutoto usaha imeikula, pande zote mbili. Lakini, munamuita, haitike, hamukuona?"

Tuliona! Hilo ndilo linalonichemsha damu. Tuliona kila siku, tukamsifu. Hata mwangwi ni hewa tu, inagonga kilima na kurudi kama mpira ukutani. Mukaka hakutaka kusikia. Alisema kilima kimekosa sauti ya Kavira, kimechukua masikio. Jamani! Simlaumu kwa kuogopa kilima, sote tulikiogopa. Lakini usaha ule ulikuwa kwenye mto wa kulalia wa Kavira, na hakuna aliyeuogopa.

Sasa Kavira ni mama. Juzi alikuja kwangu Butembo na binti yake mchanga, akamkalisha mkekani na kukaa mbele yake.

"Piga makofi nyuma yake," aliniambia kwa ile sauti yake kubwa. "Mimi nitaangalia macho yake."

Nilipiga. Mtoto akageuka. Kavira alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika. Nikapiga tena, na tena, kwa hasira yangu yote, na kila mara mtoto aligeuka.