Soko la Mbuzi la Nizwa

Mwezi uliopita binti yangu alinitembeza mji mmoja wa kale wa Ufaransa, siku ya soko. Palinukia jibini na mkate wa moto. Mbuzi mmoja akalia mahali fulani, nami nikasimama.

Nilikuwa mdogo. Ndiyo kwanza tulikuwa tumefika Oman kutoka Unguja, mimi na baba; mama alibaki. Ijumaa moja baba akanipeleka soko la mbuzi, Nizwa. Wauzaji walikuwa wakiwazungusha mbuzi kwa kamba, na wanunuzi wamekaa kando wakiwatazama. Vumbi na harufu ya samadi vilinijaa puani, na Kiarabu sikujua hata neno. Baba alinishika mkono, tukazunguka vilevile. Kila mzee ambaye baba alimuuliza alinitazama, kisha akatikisa kichwa.

Nikadhani ananiuza, na hapana anayenitaka.

“Baba, mimi nakula kidogo tu,” nilimwambia. “Turudi nyumbani.”

“Nyamaza, mwanangu.”

Sasa najua alikuwa akiulizia nyumba ya dada yake wa baba mmoja, ambaye hakuwahi kumwona. Kazi alikuwa ameipata Maskati, na wa kunilea hakuwa naye.

Alasiri tuliipata nyumba. Mama mmoja mnene akatoka, ananukia udi.

“Mwamkie shangazi yako,” baba alisema.

“Shikamoo, shangazi.”

Akanitazama tu, akitabasamu, kisha akamwambia baba jambo kwa Kiarabu. Baba alipokwisha kuondoka kwenda Maskati, nikamwamkia tena, kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hakunisikia.