Kidole Kilichokunjwa Kaburini

Mguu wa kulia wa Mwau ulikatwa Februari kwa sababu ya sukari, na kufikia Mei ulikuwa bado unamuuma. Usimcheke. Kidole gumba kilijikunja, kisigino kikawaka moto, na ukimwambia hakuna mguu hapo alikutazama kama wewe ndiye mjinga, na alikuwa na haki. Mchuuzi huyu wa mbuzi, ambaye soko zima la Mwingi liliogopa ulimi wake, sasa alilia mchana kweupe mbele ya wageni.

Jamaa zake wa Migwani walikuwa na jibu: mguu ulizikwa vibaya. Ufukuliwe, vidole vinyooshwe, maumivu yaishe.

Fundi wa miguu ya bandia kule hospitalini, Mbudha kutoka Sri Lanka, alikuwa na jibu lake. Alisema dini yao haifundishi kwamba mwili ni gunia na akili ni mahindi yaliyotiwa ndani. Viwili hivi huegemeana. Kimoja kikiyumba, kingine nacho huyumba.

"Mguu umeenda, lakini akili bado inausubiri. Maumivu yako ni ya kweli."

Mwau alimshukuru kwa adabu, akarudi nyumbani kutafuta jembe.

Alichimba nyuma ya zizi akiwa amekaa chini, jasho likimtoka. Mkewe Kasiva, ambaye ndiye aliyezika sanduku la mguu, alimkataza kwa jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka. Jembe lilipogonga ubao, akapiga magoti.

"Baba Mbula, wacha. Usifungue."

Akafungua. Ndani mlikuwa na kiatu chake cha kulia, kimefungwa kwa leso.

"Nilifika hospitali kama wameshauchoma," Kasiva alisema. "Na wewe vile ulikuwa unaniuliza kila saa kama umezikwa vizuri, ningekuambia nini?"

Hapakuwa na kidole cha kunyoosha, leo wala kesho. Mwau alijitupa kando ya shimo akapiga yowe, na majirani wakatoka nje. Sasa angekwenda kwa nani?

Kasiva naye alikuwa amemsikia yule Mbudha. Aliona aibu, watu wakimtazama, lakini alisogea mpaka pale ambapo mguu ungefika, akashika hewa kwa mikono miwili.

"Ni wapi?"

"Kidole. Kile kikubwa."

Akaanza kukikunjua, polepole. Mwau akaifuata mikono yake kwa macho.

"Sasa kisigino," akasema.