Siku Jibini Ilipong'ang'ania Ubao

Jamani, hii nawaambia kwa sababu ninyi ni watu wangu, na pia kwa sababu ploti yetu nzima ya Tassia inaijua tayari, kwa hivyo afadhali mwisikie kutoka kwa mwenyewe: niliwahi kuwaita wageni kwangu nikataka kuwalisha vanishi.

Chanzo kilikuwa wivu, sitafuti jina lingine. Rose ni rafiki yangu tangu usichana, akipika githeri lazima aniletee bakuli, halafu akahamia huyu Shiko ghorofa ya tatu, na kuanzia hapo nikawa nasikia tu Shiko hivi, Shiko vile, Shiko ana mapazia, Shiko kanifunza kufunga kilemba. Ikafika zamu ya Shiko kukaribisha chama chetu cha akina mama, na badala ya chai na mandazi kama watu wa kawaida, akatandika ubao mmoja umejaa nyama za kukausha, jibini, zabibu na biskuti za chumvi (ubao huo una jina la Kifaransa ambalo sitajaribu kulitamka mbele yenu). Rose alikula akiwa amefumba macho. "Mama Brayo," akaniambia, "si unaona watu wanajua maisha?" Nikasema tumbo linaniuma, nikaenda kulala, na kweli liliniuma, ila si kwa chakula.

Zamu yangu ilipofika nikaapa ubao wangu utakuwa mrefu kuliko wake. Asubuhi hiyo hiyo nikamwendea Odhis, fundi wa vitanda pale barabarani, akanikatia kipande safi cha mbao, akakipiga randa, nami nikaona bado haking'ai kama cha Shiko, nikamwambia akipake vanishi, ile ya kung'arisha vitanda.

"Mathe, na hii baridi ya Julai, hiyo wacha ikae hadi kesho kutwa."

"Odhis, wewe paka. Wageni wanakuja leo."

"Ni sawa. Lakini usikuje kunisumbua."

Jioni nikaugusa kwa kidole, kidole kikanata kidogo, nikajiambia ndiyo ubora wenyewe huo. Nikapanga jibini pembetatu pembetatu, zabibu, mayai ya kuchemsha, smoki, zile soseji za moshi, zikiwa moto kutoka kwenye kikaango, nilizozikata mshazari ili zifanane na nyama za Shiko, na katikati bakuli la kachumbari (mgeni wa huku ukimpa nyama bila kachumbari atakusema hadi soko la Muthurwa). Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu ya chama. Rose akajibu kwa vikatuni vya mioyo tu, na mimi nikacheza peke yangu jikoni.

Shiko alipoingia akanusa. "Mama Brayo, umepaka nyumba rangi?"

"Ni jibini nzuri hunuka hivyo," nikamjibu, shingo juu.

Sasa, kwetu hakuna mkono unaogusa chakula kabla Mama Akinyi, mwenyekiti wetu, hajaomba, na Mama Akinyi haombi kwa haraka. Aliombea watoto, akaombea waume, wagonjwa, wasafiri, landilodi aguswe moyo alete maji, na muda wote huo nilikuwa nimefungua jicho moja nikimtazama Shiko akiutazama ubao wangu, nikashiba kabla ya kula. Kumbe smoki za moto zilikuwa zinalainisha vanishi, na kila kitu kinazama humo polepole na kushika.

Amina. Rose akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akavuta jibini, haikuja. Akatumia kucha, ikaja nusu.

"Haki hii kitu imeshika!"

Mama Akinyi akasema vijana hawana nguvu, akaivuta smoki kwa mikono miwili, na ubao wote ukamfuata, ukainamia upande wake. Bakuli lenyewe halikutikisika, lilikuwa limeganda palepale, ila kachumbari yote ilimiminika kwenye gauni lake la kanisani. Smoki ikabanduka, chini yake ni kahawia na inang'aa.

"Hii si ni vanishi!" akasema Shiko.

"Woi, Mama Brayo alitaka tung'ae hadi ndani!" akapaza Rose, na hao wawili wakaegemeana wakicheka mpaka machozi. Kuegemeana kule kuliniuma kuliko kachumbari.

Nikakimbilia jikoni, nikamimina unga kwenye beseni nikaanza kukanda, maana wageni hawawezi kurudi na njaa na mimi sikujua mahali pengine pa kuficha uso. Mara Shiko huyo mlangoni. Nikajua amekuja kunimaliza. Akachukua kifimbo bila kuniuliza, akasukuma chapati, ikatoka na pembe kama ramani.

"Unaona?" akasema. "Kila nikipikia Rose, ananiambia chapati za Mama Brayo hivi, chapati za Mama Brayo vile. Nilichoka. Ndio nikatafuta kitu hakipikwi, hata mimi niweze."

Nilipaswa kumhurumia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaunguza chapati ya kwanza. Zilizofuata Rose alizila amefumba macho.

Ubao sasa ni wa kuwekea viatu, na alama za jibini hazijatoka, na mimi vanishi nimeiachia vitanda maisha yangu yote. Shiko ameomba nimfundishe chapati. Nitamfundisha, jamani, wivu si mzuri. Lakini ile siri ya kukandia maji ya moto nitabaki nayo.