Mvuke wa Chumbani Kwangu

Akina mama, nimeomba dakika chache kwa sababu kifua hiki mnachosikia kikiongea kilikuwa kimenikataa. Mimi nilikuwa mtu wa kuimba, na wa kelele pia, mume wangu atawaambia. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno huko Parklands. Nyumba yetu iko Kileleshwa, ghorofa ya nne, hakuna lifti, na nilikuwa napanda na mtoto wetu Neema mgongoni bila kupumzika.

Kikohozi kilianza wakati wa mvua. Nikasema ni homa tu. Wiki tatu baadaye kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikikohoa mbavu zinauma na mkojo unatoka kidogo, ndiyo, nasema wazi, maana najua si mimi peke yangu. Siku moja Neema aliomba nimbebe nikashindwa. Akalia, nami nikalia. Niliogopa kwamba nitamwacha bila mama.

Mama mkwe akatoka Vihiga na mfuko mzima wa majani ya mkaratusi. Nampenda huyu mama, lakini akisema, amesema. "Utajifukiza asubuhi na jioni," akaniambia. "Na ufunge dirisha, baridi isikuingie." Basi tunafunga chumba, sufuria inafuka, blanketi juu ya kichwa, natoka jasho chapachapa. Napata nafuu kidogo, halafu nabanwa kuliko jana. Mama anasema, "Tuongeze majani." Tukaongeza. Wueh!

Siku moja nilibanwa kazini hadi midomo ikabadilika rangi. Wenzangu wakanikimbiza hospitali, nikawekewa oksijeni. Picha ya kifua ikaonyesha si TB. Daktari akaniuliza maswali niliyoona ya ajabu: nalala wapi, kuna ukuta unaolowa nyumbani? Nikasema hakuna. Mama mkwe, aliyekuwa amenifuata hospitali, akadakia, kwa kujivunia kabisa, kwamba tunajifukiza kila siku chumbani na hatuachi hata ufa. Daktari akaacha kuandika. "Hicho chumba kina kabati?"

Kabati liko ukutani, na nyuma ya ukuta ni bafu. Nilikuwa nimelijaza blanketi za wageni na masanduku mpaka mlango naufunga kwa goti. Tuliporudi nyumbani mume wangu akatoa vitu, mimi nimesimama nje kwenye ngazi, nikamsikia tu, "Ai! Ai!" Ukuta ulikuwa mweusi, una manyoya. Blanketi zimelowa. Gauni langu la harusi limeota ukungu. Kumbe mvuke wetu wote ulikuwa ukiunywesha ukungu, nami nalala hatua mbili kutoka hapo, nikiuvuta usiku kucha.

Blanketi tulizitupa. Fundi akaziba bomba la bafu lililokuwa likivuja. Mama akajifunga kitambaa puani na kusugua ukuta siku mbili, hakutaka msaada wa mtu. Dawa ya kuvuta niliyopewa hospitali bado naibeba mkobani, lakini ngazi napanda.

Dada zangu, fungueni makabati yenu leo. Msibane vitu ukutani, acheni mkono upite. Nguo isipokauka kabisa isiingie humo, hata kama mgeni yuko mlangoni. Ukioga, fungua dirisha. Na kikohozi kikikaa, nenda hospitali, usingoje kama mimi.

Mama alikuwa amekataa kuja leo. "Watasema nilitaka kukuua," akaniambia. Nikamwambia, ni nani mwingine aliyeacha shamba na kuku wake aje kunishikia sufuria? Na bila yeye kumwambia daktari habari ya kujifukiza, mimi ningenyamaza kwa aibu, na leo mngekuwa mnamlea Neema. Amekaa kule nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Mama, simama wakuone.